KISIMA CHA ADDI: Mlo wa Ijumaa

Funguo hazikuibiwa, msomaji. Umehangaika wiki nzima bure.

Tulipomwacha Itto pale Errachidia, gari lilikuwa limefungwa, wageni wake Wareno wanapigwa na upepo barabarani, na simu ya dereva inaita ndani ya gari. Moyo ulimwambia jambo moja tu: Sakku, hasimu wake, amemnunua dereva. Kwisha habari yake.

Haikuwa hivyo. Ba Lahsen, dereva wao, alitokea upande wa pili wa barabara amevaa kanzu nyeupe, funguo zinalia mfukoni, uso mtulivu kama maji ya mtungini. Begani alibeba kreti la matufaha.

"Ba Lahsen! Ulikuwa wapi?"

"Binti yangu, leo siku gani?"

"Ijumaa."

"Sasa unaniuliza nini?"

Utamjibu nini mtu aliyetoka kuswali? Itto alimeza hasira yake nzima nzima.

"Ungeniachia funguo."

"Ningekuachia, ungeondoka bila mimi. Nakujua wewe." Ba Lahsen akafungua mlango. "Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, Ba Lahsen! Ingia twende!"

Alikuwa na haki ya kufoka. Tangu watoke Fes mambo yalikuwa yanakwenda kombo. Milimani theluji ilifunga barabara, wakalala Midelt bila kupanga. Kwenye msitu wa mierezi nyani alipora kofia ya mgeni mmoja, ikabidi wote wasubiri mpaka nyani achoke nayo. Na juu ya yote hayo kulikuwa na Dona Odete.

Dona Odete alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Porto, mjane, mwenye mkoba mkubwa na kibofu kidogo. Kila kona alitaka kupiga picha, kila mji alitaka choo. Na kila hoteli waliyolala, asubuhi alikomba mezani vipakiti vya sukari, vya chumvi, hata sabuni, akavisukumiza mkobani mbele ya wahudumu. Itto, ambaye ndiye kiongozi wa msafara, alikuwa akitazama pembeni kwa aibu.

Dona Odete na wenzake hawakujua kwamba safari hii, kwa Itto, haikuwa ya utalii. Aliiomba kwa kampuni yake kwa sababu moja tu: ilikuwa inaishia jangwani, kijijini kwao Aghbalu, siku hii ya Ijumaa.

Jioni hii baraza la wazee lilikuwa linakaa kuamua kisima ni cha nani.

Kisima hicho alikichimba marehemu baba yake, Addi, pamoja na rafiki yake Ichu, chini kabisa ya matuta ya mchanga. Kando yake walisimamisha mahema ya wageni. Itto alikuwa bado ananyonya siku kamba aliyoshukia Addi ilipokatika, akafia humo kisimani. Ichu alimlilia rafiki yake, akatangaza mbele ya kijiji kwamba nusu ya mahali pale ni ya binti wa Addi. Alilishika neno lake mpaka alipokufa, mwaka juzi. Hapo ndipo mwanawe, Sakku, alipouliza: nusu gani, na ya nani?

Wazee walikuwa wamekata shauri. Ijumaa hii, baada ya alasiri, kila mmoja aje aseme lake. Ambaye hajasema mpaka adhana ya magharibi, hana neno tena.

Na kulikuwa na jambo la pili, msomaji, ulishike vizuri. Kwa watu wa Itto, ukishakula chumvi ya mtu nyumbani kwake, huwezi kusimama barazani kumshitaki. Mdomo utaufungua, lakini wazee watatazama chini, na neno lako litakuwa upepo.

Sakku alilijua hilo. Mwaka mzima alikuwa akimwalika Itto chai, na Itto hendi. Sikukuu ya kuchinja alimpelekea bega la kondoo lililochomwa likaiva, na Itto akalirudisha na sahani yake. Hata tende moja ya Sakku haikupita kooni mwake.

*

"Simameni!" Dona Odete alipiga kelele. "Mitende! Tazameni mitende!"

Bonde la Ziz lilikuwa limefunguka chini yao, kijani tupu katikati ya mawe. Ba Lahsen, mtu wa Fes asiyejua kumkatalia mwanamke mzee, akakanyaga breki.

"Nani kakwambia usimame?" Itto aliuliza.

"Mama kasema."

"Mama yako yuko Fes!"

Lakini mlango ulishafunguliwa. Dona Odete alipiga picha mitende, akapiga picha mbuzi, akamwomba Itto ampige yeye na mitende, halafu yeye na mbuzi. Mbuzi akakimbia. Ikabidi asubiriwe.

Itto alitazama jua. Jua la majira ya baridi halina subira na mtu.

"Dona Odete, nakuomba kwa heshima zote, tupande gari."

"Mwanangu, una nini leo? Unakunja uso kama mwanafunzi aliyeshindwa hesabu. Uko likizoni!"

"Wewe ndiye uko likizoni."

Walipanda. Ba Lahsen aliendesha kidogo tu, kisha akapunguza mwendo, akakata kushoto kwenye njia ya vumbi kuelekea nyumba za udongo.

"Unakwenda wapi?"

"Kuacha matufaha."

"Matufaha gani?"

"Haya hapa. Mfanyabiashara mmoja kaniomba msikitini, niyafikishe kwa bibi mmoja hapa bondeni. Mtu anakuomba msikitini, binti yangu, Ijumaa, hata viatu hajavaa. Ungekataa wewe?"

Itto alifumba macho. Hakuna dereva wa nchi hii anayekataa mzigo wa mtu. Huyu atakupa gunia la tende ufikishe kwa shemeji yake, yule jogoo wa harusi, na gari la watalii linageuka posta.

"Shusha, salimia, tuondoke. Usikae."

"Nikae nimekuwa kiti?"

Mlangoni alisimama mwanamke mzee, mwembamba, kidevu chake kimechanjwa chale za zamani. Alilitazama kreti, akamtazama Ba Lahsen, kisha akamtazama Itto, na hapo macho yakaganda.

"Karibuni. Mimi ni Tuda. Chakula kiko tayari."

"Lalla Tuda, Mungu akuzidishie," Itto alisema haraka. "Tuna haraka mno. Siku nyingine."

"Aniletee mtu mzigo siku ya Ijumaa halafu aondoke na njaa? Majirani wataniitaje?"

"Lalla, wallahi..."

"Usiape. Nimeapa mimi kwanza. Hamtoki."

Kwa kiapo cha mzee hakuna mlango wa nyuma. Ukimvunjia, umemvunjia uso mbele ya mtaa mzima. Na Dona Odete, ambaye haelewi neno hata moja lakini anaelewa harufu, alikuwa ameshavua viatu yuko ndani.

Sinia la kuskusi, chakula cha kila Ijumaa, lilishushwa, mboga saba juu yake, mvuke unapanda. Wote wakalizunguka, kila mmoja na upande wake.

"Wewe binti ni wa nani?" Lalla Tuda aliuliza.

"Wa Addi, aliyechimba kisima Aghbalu."

Yule bibi aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua. "Una paji lake. Kula, mwanangu."

Itto alikula upesi upesi, ili waondoke. Dona Odete alionja kijiko kimoja, akakunja pua.

"Mwambie kinahitaji chumvi."

"Siwezi kumwambia hivyo, Dona Odete. Ni aibu."

"Aibu gani? Ni kuskusi ya hospitali hii! Onja mwenyewe."

Ni kweli, chakula kilikuwa chapwa, hakina ladha kabisa. Uzee, Itto aliwaza, mkono wa bibi umechoka. Akauliza kwa upole kama kuna chumvi kidogo.

"Chumvi hakuna," alisema Lalla Tuda, na wala hakuona haya.

Dona Odete hakungoja tafsiri. Alichomoa mkobani vipakiti vyake vya hoteli ya Fes, akavipasua kwa meno, akanyunyizia upande wake. Halafu, bila kuulizwa, akajinyoosha akanyunyizia na upande wa Itto.

"Haya. Sasa ni chakula."

"Dona Odete!" Itto alitamani ardhi immeze. Kunyunyiza chumvi ya hoteli mbele ya mwenyeji! Lakini Lalla Tuda hakukasirika. Alivitazama vile vipakiti, akamtazama Mreno, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Walikunywa mtindi, wakaletewa chai, Itto akainuka kunawa mikono. Birika lilikuwa kwenye kona ya ukumbi. Juu ya birika kulikuwa na picha ukutani, bwana harusi katika vazi jeupe, jambia kiunoni, meno yote nje.

Alikuwa Sakku.

Maji yalimwagika sakafuni. Itto hakusikia.

"Lalla Tuda. Huyu ni nani?"

"Mwanangu."

"Mwanao? Mama yake Sakku si..." Alisita. Kule Aghbalu mama yake Sakku hatajwi. Wanasema mumewe alimfukuza zamani, akarudi kwao, basi. Hakuna aliyewahi kusema kwao ni wapi.

"Ndiyo mimi," alisema bibi. Akamshika Itto kifundo cha mkono kwa nguvu ya ajabu. "Nenda barazani. Kaseme."

"Unanicheka?" Machozi ya hasira yalimtoka Itto. "Umenilisha, umenifunga mdomo, halafu unaniambia nikaseme?"

"Nenda, mwanangu. Jua linakwenda."

*

Ndani ya gari palichafuka.

"Matufaha!" Itto alifoka. "Matufaha, Ba Lahsen! Mwaka mzima nimekataa kondoo wa yule mtu, wewe umeniuza kwa matufaha!"

"Mimi nimebeba kreti tu! Mtu wa Fes atajuaje nani kamzaa nani huku?"

"Aliyekupa hilo kreti ni mtu wa Sakku!"

"Alikuwa na tasbihi mkononi!"

"Na shetani akitaka kukupata atakuja na tasbihi!"

Ba Lahsen alimtupia jicho. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, binti yangu," na akakanyaga mafuta kama kijana. Ndiyo mara ya kwanza tangu Fes alipokimbiza gari, na ndipo sasa ambapo kukimbia hakukuwa na maana tena.

Itto alilia bila sauti, uso dirishani. Mwaka mzima wa kujizuia, na umekwishia kwenye sinia moja. Baba yake hakumwachia uso wa kumkumbuka, hakumwachia sauti. Alimwachia kisima. Na leo atakwenda kusimama mbele ya wazee kama bubu.

Matuta ya mchanga yalijitokeza mbele, mekundu. Dona Odete hakuomba kusimama. Aliinama mbele akamwekea Itto mkono begani.

"Yule bibi amekufanya nini?"

Na Itto, kwa kuchoka tu, akamweleza yote: kisima, baraza, na ule mwiko wa chumvi.

*

Barazani Aghbalu, wazee walikuwa wamekaa kwenye mikeka, migongo ukutani. Katikati alikaa mkuu wa baraza, Sidi Barka, mzee asiyependa maneno mengi. Sakku alikuwa ameshafika, amejifunga kilemba kipya, anatabasamu.

"Karibu, dada. Tulidhani theluji imekumeza."

"Ingenimeza ungeipelekea matufaha ya shukrani."

Mtu mmoja akacheka. Sidi Barka akainua mkono.

"Addi hakuacha mtoto wa kiume. Binti yake atajisemea. Sema, Itto. Jua limebaki kidogo."

Itto alifungua mdomo.

"Samahani, Sidi Barka," Sakku akadakia, mpole kama asali. "Kabla hajaanza. Muulizeni amekula wapi mchana wa leo."

Sidi Barka akamgeukia Itto.

"Umekula wapi, binti yangu?"

Angeweza kusema uongo. Hakuweza.

"Bondeni. Kwa Lalla Tuda."

"Mama yangu mzazi," alisema Sakku. "Nyumba ninayoilisha mimi. Amekula, akashiba, akanywa na chai."

Wazee, mmoja baada ya mwingine, wakatazama chini. Sidi Barka aliguna kwa huzuni.

"Binti wa Addi, umekula chumvi ya nyumba yake?"

Swali lilikuwa la kawaida, ndivyo linavyoulizwa siku zote. Lakini Itto alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Chumvi hakuna. Chakula chapwa cha bibi asiyeona haya. Nenda barazani, kaseme.

"Sidi Barka," alisema polepole, "chakula nimekula. Chumvi ya nyumba ile sikuila."

"Nini?"

"Hakikuwa na chumvi. Hata chembe."

Sakku alicheka sana. "Sikilizeni! Nani kwenye dunia hii anapika kuskusi ya Ijumaa bila chumvi? Hata mwendawazimu hapiki hivyo!"

Vicheko vilienea. Na katikati ya vicheko hivyo mlango ukasukumwa, akaingia Dona Odete, viatu mkononi, Ba Lahsen nyuma yake anamvuta mkoba bila mafanikio.

"Nimemwambia abaki garini!" Ba Lahsen alilia. "Huyu mama hasikii!"

Dona Odete alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Sidi Barka, akafungua mkoba, akamimina vipakiti mkekani. Akaelekeza kidole kwa Itto, akafanya kama ananyunyiza, akaelekeza kifuani pake. Hakuna aliyehitaji mkalimani.

Sidi Barka aliokota kimoja, akakipasua, akalamba. "Chumvi ya hoteli," alisema.

"Ndiyo chumvi niliyokula leo," alisema Itto, akimtazama Dona Odete. Mwanamke yuleyule aliyemchosha roho tangu Fes! "Aliyenilisha chumvi leo ni huyu mgeni wangu. Siwezi kumshitaki yeye tena, na Mungu anajua nilikuwa na mengi ya kumshitaki."

Safari hii vicheko vilikuwa vya upande wake. Sakku alisimama, tabasamu limemkauka.

"Maneno ya mtalii! Mpigieni mama yangu. Aliyepika aseme mwenyewe."

Alibonyeza namba kwa mkono wake, akaweka spika, akaiweka simu mkekani. Iliita mara moja tu.

"Nilikuwa nangoja," ilisema sauti ya Lalla Tuda.

"Mama, uko mbele ya baraza. Waambie. Ulitia chumvi kwenye chakula leo?"

"Sikutia."

"Umesahau tu, mama. Ni uzee."

"Mkono wangu haujasahau chumvi tangu nilipokuwa msichana. Uliponipigia ukasema nimlishe binti wa Addi ashibe, nilielewa. Ulitaka sufuria yangu iwe kufuli la mdomo wake. Mimi si fundi wa kufuli, Sakku."

Baraza zima likanguruma. Sakku aliinamia simu aikate, lakini Sidi Barka alikuwa ameshaifunika kwa kiganja chake kipana.

"Iache. Binti wa Addi, sema neno lako. Muda unakwisha."

"Ngoja, Sidi Barka," alisema Lalla Tuda. "Sijamaliza. Huko kwenu mlisema nilifukuzwa. Sikufukuzwa. Niliondoka kwa miguu yangu, nikamwacha mtoto wangu analia mlangoni, kwa sababu sikuweza tena kula chumvi ya Ichu. Nilikuwa kisimani siku ile. Hakuna aliyeniona. Itto, mwanangu, unanisikia?"

"Nakusikia, Lalla."

"Kamba ya baba yako haikukatika yenyewe."

Sakku alikuwa amekaa chini bila kujua kwamba amekaa, uso umegeuka majivu. Nje, kwenye mnara, kipaza sauti kilikoroma. Mwadhini alikuwa anasafisha koo.

Itto alikuwa na pumzi moja tu ya kusema kabla ya adhana, na hakujua aanze na kisima au na kamba.